Mbuzi Mwenye Sura ya Mbwa

Kitinda mimba wangu alikuwa darasa la pili siku alipoikuta picha yangu ya kwanza juu ya friji, nimeiweka ikauke. Akaitazama, akainamisha kichwa upande mmoja kama kuku aliyesikia mwewe, kisha akauliza kwa adabu zote: "Mama, mbona huyu mbwa ana pembe?"

Alikuwa mbuzi. Nilimhangaikia jioni mbili, na hizo pembe niliziongeza mwishoni baada ya kuona kwamba pasipo pembe hakuna atakayemtambua. Nilikuwa na miaka 46, mguu wa kulia umefungwa plasta ya POP, nimekaa nyumbani wiki ya tatu. Nilicheka mpaka baba yao akaja jikoni kuuliza kuna nini. Mtoto akamwonyesha karatasi. Baba yao akaikagua kwa muda, maana ni mtu wa kupima maneno yake, akasema: "Mbwa mzuri."

Huo ulikuwa mwezi wa nne, mwaka 2021. Tangu hapo sijaacha, na watu wakiona rangi kwenye kucha zangu huuliza swali moja: "Kumbe una kipaji?" Sina. Nikijibu hivyo wengine hudhani naona haya, wengine hudhani nataka kubembelezwa. Basi nieleze kwa kirefu.

Kidato cha pili, kipindi cha Biolojia, tuliambiwa tuchore mende. Mende mwenyewe alikuwepo, amekufa, amelazwa kwenye kisahani. Nikachora. Mwalimu akaliinua daftari langu juu, akauliza darasa zima kama kuna anayemjua mdudu huyu. Sauti moja kutoka nyuma ikajibu, "Treni." Daftari liliporudi kwangu lilikuwa na alama zote za majina ya sehemu, vipapasio, kichwa, mbawa, miguu, kila kitu kimeandikwa sawasawa na mistari imenyooshwa kwa rula, na kwenye mchoro, sifuri. Wakati ule niliona aibu tu. Ilipita miaka 30 ndipo nikaelewa kwamba yule mwalimu, pamoja na ukatili wake, alikuwa ameupima ugonjwa wangu vizuri kuliko daktari. Majina yote nilikuwa nayajua, mende sikumwona.

Na riziki ikanipeleka kwenye kazi ya majina hayo hayo. Mimi ni wakala wa forodha. Kontena la futi 40 linateremka bandarini, mara nyingi silioni kabisa. Naona hati zake. Kila bidhaa ina jina lake na namba ya tarakimu nane kwenye kitabu cha ushuru wa pamoja wa Afrika Mashariki. Nikikosea jina, mteja analia. Nikilipatia, sina haja ya kukijua kitu chenyewe kina sura gani. Kwa zaidi ya miaka 20 macho yangu yamelipwa mshahara wa kusoma maandishi yaliyobandikwa juu ya vitu.

Mguu niliuvunja kwenye ngazi za ofisi, mvua za masika, sakafu imelowa, nami nakimbiza hati. Wiki sita za kukaa. Wiki ya kwanza nililala, ya pili niligombana na kila mtu ndani ya nyumba, ya tatu binti wa dada yangu akaja na kisanduku cha rangi za maji, vidonge 12 na brashi moja, akaniambia: "Mama mdogo, shika hii, uwaache watu wapumue." Sikununua wala sikuomba. Sijawahi hata kuota kwamba ningependa kuchora. Ningekuwa na mguu mzima, kisanduku kile kingeishia kwa watoto.

Nilianza kwa karatasi za ofisini, zile za gramu 80 tunazochapia hati. Ukizilowesha zinavimba na kujipinda kama bati la zamani, halafu rangi yote inatiririka kwenda mabondeni na kutuama huko. Niliulaumu mkono wangu miezi miwili. Kumbe kuna karatasi ya gramu 300, nene kama kadi ya harusi, ambayo inakunywa maji na kutulia. Nilipoipata niligundua kwamba nusu ya makosa yalikuwa ya karatasi. Nusu nyingine, kwa bahati mbaya, ilibaki pale pale.

Kila nilichochanganya kiligeuka maji ya kuoshea masufuria. Nyekundu kidogo, bluu kidogo, labda njano itasaidia, na mara matope. Hakuna uchawi hapo: rangi tatu za msingi zikikutana zote kwenye tone moja zinauana, na maji ya kuoshea brashi usipoyabadilisha ni hizo hizo tatu zinakusubiri kwenye kikombe. Dawa ni makopo mawili, moja la kusuuza uchafu, jingine la kuchotea maji safi. Jambo la kijinga namna hiyo. Mtu aliyewahi kufua nguo angelijua siku ya kwanza, na mimi nimefua nguo maisha yangu yote.

Lakini lililonitikisa ni mwembe. Nyumbani kwetu Tabata kuna mwembe uani, nimeanika nguo chini yake miaka 11. Nikaamua kuuchora kutoka dirishani. Nikachukua kijani cha kisandukuni, nikapaka, ikatoka rangi ya ndoo ya plastiki. Nikaongeza njano, nikaongeza bluu, hapana. Nikakasirika, nikaweka brashi chini, nikautazama ule mti kwa hasira kama unaonidai. Ndipo nikaona kwamba ncha za matawi hazikuwa za kijani hata kidogo. Majani machanga ya mwembe ni ya rangi ya shaba, mengine yanakaribia zambarau, laini, yananing'inia kama yamezimia. Yakikomaa ndipo yanainuka na kuwa kijani. Na hicho kijani cha majani makubwa, upande wa jua kilikuwa karibu cheupe, upande wa kivuli karibu cheusi. Nilimwita binti yangu mkubwa nikamwuliza: "Haya majani mekundu yameanza lini?" Akanitazama kwa huruma. "Mama, ni mwembe. Kila mwaka."

Miaka 11. Nadhani hapo ndipo iliponinasa. Picha ya mwembe ilikuwa mbaya, bado ninayo, inafanana na ufagio uliochomekwa ardhini. Ila nilipata wasiwasi: kama nimepitwa na mti ulioko uani kwangu, ni vingapi vingine?

Baada ya hapo nikashika kikombe. Kikombe cha bati, cheupe, chenye ukingo wa bluu, kile ambacho kila nyumba inacho kimoja kimepasuka rangi kwenye mkono. Nilikichora mara 31. Idadi naijua kwa sababu niliandika namba pembeni ya kila mchoro; karani ni karani. Mdomo wa kikombe nilikuwa nachora duara kubwa kama sahani, kwa kuwa najua mdomo ni duara. Kitako nikachora mstari ulionyooka kama rula, kwa kuwa najua kikombe kinakaa mezani na hakiyumbi. Matokeo yake ni kitu ambacho juu unakiangalia kama ndege na chini unakiangalia kama sisimizi, vyote kwa pamoja.

Kama una kikombe karibu, kiweke mezani ukitazame sasa hivi. Mdomo wake ni yai lililolazwa ubavu, jembamba. Na kitako chake, ukingo ule unaogusa meza, nao ni kipande cha yai, tena lile la chini limenona kuliko la juu. Kinyanyue polepole hadi kwenye usawa wa macho: mdomo unasinyaa, unasinyaa, mwisho unakuwa mstari. Kikombe chenyewe hakijabadilika. Hili kila mtoto aliyesoma sanaa analijua, na mimi nimekunywa chai miaka 46 bila kuliona.

Namba 23 ndiyo ya kwanza iliyokaa mezani. Zote zilizotangulia zilikuwa zinaelea. Namba 24 ikaelea tena. Nalitaja hili kwa sababu watu wanavyosimulia kujifunza, utadhani ni ngazi, unapanda. Mimi naona ni kama maji ya bomba mtaani kwetu: leo yametoka, kesho hayapo, na hujui ni nani aliyefungua.

Kuna mbinu mbili tatu ambazo zilinisaidia nami nazitoa bure. Bana macho mpaka kope zikaribie kugusana, vitu vidogo vidogo vitapotea na kubaki mwanga na giza, chora hivyo. Kivuli usikitie rangi nyeusi. Cha kikombe cheupe mchana kina ubluu ndani yake. Na ukishindwa kabisa kuchora kitu, geuza picha yake juu chini. Picha ya mume wangu akiwa amesimama wima nilimtoa kama gunia lenye miwani. Nilipoigeuza, nikachora mistari tu bila kujua huu ni mstari wa nini, nilipoirudisha nikakuta kitu chenye pua yake. Pua haina jina ukiigeuza, nadhani ndiyo siri. Ubongo unakosa cha kusoma, macho yanalazimika kufanya kazi.

POP ilipotolewa nikaanza kutembea kwa ajili ya mazoezi ya mguu, na matembezi yakanipeleka Oysterbay, pale Morogoro Stores, kwa wachoraji wa tingatinga. Jina hilo watoto wa siku hizi wanadhani linatokana na yale matrekta ya kuchonga barabara. Ni jina la mtu, Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru mwaka 1932, aliyekwenda Tanga kwenye mashamba ya mkonge kisha akaja Dar es Salaam. Hakusomea uchoraji. Alianza mwaka 1968 kwa kutumia hadibodi za dari na rangi ya mafuta ya kopo, ile ile ya kupaka baiskeli. Mwaka 1972 akauawa kwa risasi ya polisi waliomdhania mtu mwingine. Fanya hesabu: alichora kama miaka minne. Nami leo nina miaka minne. Yeye kwa miaka minne aliacha mtindo unaobeba jina lake na wanafunzi walioendelea kuulea mpaka kizazi cha leo. Mimi kwa miaka minne nimekijua kikombe.

Fundi mmoja pale, mzee mwenye ndevu zenye madoa ya rangi, alikubali kunifundisha Jumamosi asubuhi kwa malipo. Nilikwenda nikiamini tingatinga ni rahisi, picha za kitoto, twiga na madoa yake. Nilitubu siku ya kwanza. Unapaka hadibodi nzima rangi ya nyuma, machungwa juu ikififia kuwa njano chini, halafu unaiacha. Unarudi nyumbani! Rangi ya mafuta haina haraka na mtu. Mimi sikuiacha. Niliporudi jioni ile ile na kuanza kumchora kanga juu yake, rangi ya chini ikafuatana na brashi kama uji, na mbu wawili na nzi mmoja wakatua wakanasa. Nikajaribu kumtoa nzi kwa kijiti. Fundi akanizuia mkono. "Mwache, mama. Ukimtoa utaacha shimo kubwa kuliko yeye. Subiri akauke, utamkwangua." Nzi yule alikauka kwa siku mbili, akang'oka kwa ukucha mmoja, na palipobaki hapaonekani.

Kanga ndiye aliyenifundisha madoa. Unachovya brashi, doa la kwanza linatoka nene, la pili limepungua, la tatu limepauka. Kwa hiyo huwezi kudonoa tu. Lazima ujue doa nene linakwenda wapi na dogo linakwenda wapi kabla hujachovya, na mwili wa kanga una mamia ya madoa, yanazunguka kufuata mgongo. Nilidonoa Jumamosi tatu. "Unadonoa kama kuku mwenye njaa," fundi akaniambia. Siku nyingine akasema: "Mkono wako mzito, mama, ila una subira. Wengi subira hawana." Nilijua hiyo ni njia ya kiungwana ya kusema kipaji hakipo, nikaipokea.

Halafu akaja kijana. Kazi yake ni kuchomelea mageti, hajawahi kushika brashi. Wiki ya pili akachora chui kwa mstari mmoja, kutoka masikio hadi mkia, pasipo kunyanyua mkono, na chui akageuka akatutazama. Sina namna nyingine ya kueleza. Fundi aliacha kazi yake, akasogea, hakusema kitu. Mimi nilikuwa nina miezi saba pale na kanga wangu alikuwa bado anaonekana kama mto wa kulalia.

Nilirudi nyumbani na wivu ambao sikuujua tangu usichana. Jumamosi mbili sikwenda. Fundi alipopiga simu kuniulizia, nikasema nina msiba.

Msiba haukuwepo. Ulinitoka tu, kama anavyosema karani kwamba mtandao umekata. Jumamosi ya tatu nikajikusanya nikaenda, na kabla sijakaa, fundi akasimama, na wenzake wanne wakasimama, na yule kijana akasimama, wakanipa pole mmoja mmoja kwa kunishika mkono, kisha wakanikabidhi bahasha. Rambirambi. Shilingi 23,000, nyingine sarafu. Nimefanya kazi bandarini miaka mingi, nimeona mengi, lakini aibu kama ile sijawahi kuionja. Nilishindwa kusema. Nilikaa nikadonoa madoa asubuhi nzima nikiwa na bahasha kwenye mkoba inaniunguza. Walipoondoka kwenda kula nikamfuata fundi, nikamweleza yote, nikamrudishia. Alicheka mpaka akakohoa. "Wivu nao ni msiba, mama," akasema, "tena hauna arobaini." Zile fedha akaziweka kwenye chai ya wote wiki iliyofuata, na hakumwambia mtu. Yule kijana mpaka leo ananiuliza kama nimepoa.

Kwa hiyo wanaosema kipaji hakuna, eti ni bidii tu, naona hawajawahi kukaa benchi moja na mwenye nacho. Kipo. Kinaonekana kwa macho kama jino la dhahabu. Na wanaosema kila mtu ni msanii, nao wananichosha. Ni kauli za kutufariji tusiofariji­ka. Mimi nilipokubali kwamba yule kijana anacho na mimi sina, na kwamba hakitakuja hata nikichora mpaka nizeeke, mkono ukawa mwepesi kidogo. Nilikuwa nimeubebesha mzigo usiokuwa wake.

Swali la pili la watu, baada ya kipaji, ni "Unauza bei gani?" Kwetu mtu mzima haruhusiwi kufanya kitu kisicho na bei. Akilima, auze, akishona, auze, akiimba, basi ni kwaya au kigodoro. Mwanzoni nilijaribu. Mteja wangu mmoja alinunua kanga wangu wa tatu kwa shilingi 40,000, nikatamba nyumbani siku nzima. Wiki iliyofuata akataka wengine wawili "kama yule yule, ila wakubwa." Nikakaa mbele ya hadibodi nikijiuliza atapenda machungwa au buluu, na nikagundua kwamba nimerudi ofisini. Nilimaliza, nikampa, nikalala miezi miwili bila kugusa brashi. Sasa siuzi. Nagawa kwa anayeomba, na wanaoomba, nisidanganye, hawajapanga foleni.

Kuna jambo la kiofisi linalonichekesha bado. Siku moja nilishughulikia mzigo wa picha zinazokwenda nje, nikafungua kitabu kutafuta namba yake, ile inayoanza na 9701: picha na michoro iliyofanywa yote kwa mkono. Nikasoma maelezo mara mbili. Hakuna mahali panapouliza kama picha ni nzuri. Hakuna panapouliza kama mchoraji ana kipaji. Mbuzi wangu mwenye sura ya mbwa, mbele ya forodha, anasimama mstari mmoja na kazi ya bingwa yeyote unayemjua. Nilipokwenda Mikocheni kutazama maonyesho pale Nafasi Art Space, ambapo wasanii wanafanyia kazi ndani ya makontena ya zamani, nilisimama mbele ya kontena moja lililotobolewa dirisha, ndani kuna mtu anapaka rangi, nikajikuta natafuta mlangoni namba ya lakiri, ule muhuri wa kufungia kontena. Mazoea ni mabaya.

Masika ya pili rangi zangu za maji ziliota ukungu, nikatupa nusu. Mambo ya pwani.

Mwaka jana mama yangu alikuja kutoka Pangani akakaa nasi mwezi mzima. Mama ni mtu wa msikiti na wa kazi, hajui kukaa. Siku ya kwanza alipoona brashi zangu hakusema neno. Siku ya pili akauliza kama nimechora binadamu yeyote. Nikamwambia naogopa, nyuso zinanishinda. "Uso usiuchore," akasema. "Haifai. Wewe si wa kumpa mtu macho." Tukanyamaza. Kisha, labda aliona nimenyong'onyea, akaongeza: "Mikono sijasikia kama imekatazwa."

Basi nikamchora mikono. Alikuwa amekaa kwenye mkeka barazani, ungo mapajani, anachambua mchele, nami nikakaa kwenye kigoda karibu naye na kipande cha karatasi nene na penseli, maana kwa rangi nisingethubutu. Mikono haikutulia, lakini ilikuwa inarudi mahali pale pale: mkono wa kulia unasukuma punje, wa kushoto umeshika ukingo wa ungo, kidole gumba juu, vinne chini. Nikauchagua huo wa kushoto. Tulikaa karibu saa mbili. Sidhani tangu nilipokuwa mdogo nimewahi kukaa na mama saa mbili bila mmoja wetu kumpa mwenzake kazi.

Nilianza na pengo kati ya kidole gumba na ukingo wa ungo, pembetatu ndogo, kwa sababu nimejifunza kwamba pengo halina jina na halinidanganyi. Kisha viungo. Ngozi juu ya viungo imekunjamana kwa mikunjo ya mviringo, kama ukingo wa chapati. Mishipa miwili. Kucha ya kidole cha pete imepinda. Na chini ya kidole gumba, kwenye ile nyama, kuna kovu jeupe jembamba kama uzi, limekatiza upande hadi upande. Nikaacha kuchora.

"Mama, hapa ulifanya nini?"

Hakuinua kichwa. "Mbuzi."

"Mbuzi alikung'ata?"

"Mbuzi ya nazi, wewe." Akacheka kidogo. "Harusi ya shangazi yangu. Nilikuwa sijavunja ungo. Wanawake wanakuna nazi, nyingi, wanaimba, nami nimepewa mbuzi ya mkubwa mmoja nikalie. Wakasema bwana harusi huyo anapita. Nikageuka." Akauzungusha mkono hewani kuonyesha jinsi meno ya mbuzi yalivyomkata. "Damu ikaingia kwenye nazi. Walinipiga, nazi ikamwagwa, na bwana harusi mwenyewe sikumwona."

"Hujawahi kuniambia."

"Hujawahi kuuliza."

Nikarudi kwenye karatasi, lakini nilikuwa nasikiliza kuliko kutazama, kwa kuwa alikuwa ameshafika kwenye nguo walizovaa, na nani alipika, na nani alikosana na nani. Adhana ya alasiri ilipotoka akajifuta mikono kwenye kanga, akanyoosha mkono kutaka karatasi. Akaishika mbali na macho kama wanavyofanya watu wa umri wake. Alichukua muda. Nikajiandaa kwa mbwa mwenye pembe.

"Gumba umelinenepesha," akasema. "Na kovu hujalitia."

Nikaangalia. Kweli sikulitia.

Akanirudishia karatasi, akaenda kuswali. Aliporudi akakaa pale pale mkekani, akauvuta ungo mapajani ingawa mchele ulikuwa umekwisha kuchambuliwa, akaweka mkono wa kushoto kwenye ukingo, kidole gumba juu, vinne chini, vile vile ulivyokuwa.